Zahanati Iliyokwisha Kabla ya Paa

Mficha uchi hazai. Wapo wanaoitamka methali hii kwa kubana midomo, hasa wakiwapo wakwe, lakini wahenga walioitunga hawakuwa na haya hiyo. Walijua wanachokisema. Mwenye shida akiificha shida yake atakaa nayo mwenyewe. Akiifunua mbele ya anayeweza kumsaidia, hata kama uso utamwiva kwa aibu, atasaidiwa. Anayebisha na aulize huko Kwekinguo, kijiji kilichojibanza milimani Usambara, juu ya Malindi ya Lushoto, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya majogoo.

Mwaka ule vijiji vya Ujamaa vilipokuwa vikiandikishwa, katibu wa kijiji hicho alikuwa Selemani Shekibula, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri na moyo mzuri zaidi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kumwambia mtu habari mbaya. Ungemuuliza habari za shamba siku ambayo nguruwe pori wamefukua viazi vyote, naye angekujibu, "Tunamshukuru Mungu, mwaka huu tumemaliza kuvuna mapema." Mkewe, Zuhura, alimtania hata mbele ya wageni.

"Huyu bwana," alikuwa akisema, "nyumba yetu ikishika moto atatoka nje awaambie majirani kwamba tunaota."

Selemani alicheka pamoja na wageni. Alimpenda mkewe, na isitoshe alijua kwamba mama yule hakusema uongo.

Kijiji kizima kilikuwa na kiu moja, nayo ni zahanati. Mgonjwa wa Kwekinguo alibebwa kwa machela kushuka milima mpaka Lushoto mjini, na si wote waliofika. Mwanamisi, binti pekee wa Selemani, alikuwa amewahi kubebwa hivyo. Uchungu ulimshika siku ya mvua. Wabebaji walikwenda wakiteleza na kuinuka, wakiteleza na kuinuka, hata mtoto akazaliwa njiani, chini ya mwavuli, hana pumzi. Tangu siku hiyo Selemani hakupita mahali pale bila kuinamisha kichwa. Sasa Mwanamisi alikuwa mjamzito tena. Mumewe, aliyekuwa kibarua kwenye mkonge huko Korogwe, alimleta kwa wazazi wake ajifungulie nyumbani, na tumbo lilikuwa limekwisha kuwa kubwa.

Kwa hiyo zahanati ilijengwa kwa jasho na kwa nyimbo. Walutheri walifyatua matofali Jumamosi, Waislamu wakafyatua Jumapili, na siku za katikati wakachanganyika na kubishana ni wepi wenye matofali yaliyonyooka zaidi. Kuni za kuyachoma hazikupatikana, maana msitu ulikuwa wa serikali, basi yakaanikwa juani yakajengewa hivyo hivyo mabichi. Kuta zikapanda. Kenchi zikasimamishwa juu yake. Siku hiyo akachinjwa mbuzi, watu wakala, wakacheza, wakapongezana.

Hapa lazima mtu aielewe desturi ya Kwekinguo. Tangu enzi za mababu nyumba zao ziliezekwa kwa nyasi, na kuezeka ilikuwa kazi ya siku moja. Majirani wanakuja na nyasi zao, wanakula, wanaimba, na jioni mwenye nyumba analala ndani. Ndiyo maana ukuta ukifika juu mbuzi alichinjwa, na nyumba ikahesabiwa kuwa imekwisha. Paa halikuwa jambo la mtu kulihesabu. Lakini zahanati haikutakiwa kuwa ya nyasi. Wilaya iliamuru bati, na bati halikatwi bondeni kwa mundu.

Wilaya hiyohiyo ilitaka kila kijiji kipeleke takwimu za ujenzi: majengo mangapi yameanzwa, mangapi yamesimama kuta bila paa, mangapi yameezekwa, mangapi yamekwisha kabisa. Takwimu hizo zilisomwa mjini Lushoto mbele ya makatibu wote, na kijiji kilichoongoza kilipigiwa makofi. Makofi hayo, jamani, yalikuwa yakiwatoa watu akili.

Kamati ya Kwekinguo ilikaa kuandaa hesabu zake. Mwenyekiti alikuwa Mzee Sefania, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Zahanati, andika imekwisha," alisema.

"Mzee, kuna safu ya kuta bila paa," Selemani alijibu kwa upole. "Nadhani sisi tuko hapo."

"Mbuzi hatukula?"

"Tulikula, Mzee."

"Na wewe hukula?"

"Nilipewa paja."

"Basi imekwisha! Unataka wale wa kijiji cha ng'ambo watucheke? Hata msingi wao umepinda, na ninakuapia wataandika kwamba wamefika mbinguni."

Selemani alijua kwamba wilaya haihesabu kwa mbuzi. Alijua sana. Lakini alipomfikiria karani akisoma mbele ya watu kwamba Kwekinguo hawajamaliza, kalamu yake iliiruka safu ile. Akaandika imekwisha. Na kwa kuwa mkono ulishapata mteremko, akazitia humo na nyumba za wanakijiji zilizokuwa bado wazi juu.

Mjini mambo yalikwenda kama Mzee Sefania alivyotaka. Bwana Nathanaeli, karani wa takwimu wa wilaya, mtu mpole wa miwani mizito, alisoma kwamba Kwekinguo imemaliza majengo yake yote. Makofi yakapigwa. Selemani alirudi nyumbani hatua zake nyepesi, akasimulia makofi yale mpaka Zuhura akamwomba aache angalau wale.

Wiki chache baadaye, kiangazi kikiwa ukingoni, lori la wilaya lilisikika likipanda mlima. Watu waliacha majembe. Lori lilipochomoza kwenye kona, lilikuwa limejaa mabati mapya yanayong'aa hadi kuumiza macho. Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakakunja mikono ya mashati tayari kupakua.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Jamani, msiyaguse! Haya si yenu. Ni ya kijiji cha mbele."

"Cha mbele?" Mzee Sefania alishangaa. "Mbona wale hata kenchi wamepandisha juzi tu?"

"Ndiyo hao, walioandika kwamba hawana paa. Nyinyi si mmemaliza? Yenu ni haya."

Akafungua mlango wa pili. Akashuka mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye rozari shingoni na sanduku la nguo mkononi. Nyuma yake vikashushwa kitanda cha chuma cha kujifungulia, kabati la vioo, na makasha ya dawa.

"Mpokeeni nesi wenu, sista Jenoveva," dereva alisema. "Mimi nitapita tena Alhamisi." Lori likaondoka na mabati yake, yakipiga kelele kona baada ya kona, na hakuna aliyepiga tena kigelegele.

"Shikamoo, Mzee," nesi alimwamkia Mzee Sefania, kisha akatazama huku na huku. "Haya, zahanati iko wapi?"

Mzee Sefania, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinong'ona, "Mwulize Katibu." Wote wakamtazama katibu.

"Ipo, mama nesi, ipo," Selemani alisema haraka. "Lakini umetoka mbali. Karibu kwanza nyumbani upate chai."

Chai ilipokwisha, ufunguo ulikuwa kwa fundi, na fundi alikuwa harusini Malindi. Kesho yake fundi alikuwa amerudi, ila tumbo lilimkamata. Keshokutwa tumbo lilipona, lakini ufunguo ulikuwa umesahauliwa harusini. Masikini Selemani! Alikuwa akiutafuta ufunguo wa jengo ambalo halikuwa hata na mlango.

Makasha ya dawa yalikaa jikoni kwa Zuhura, karibu na mafiga. Sista Jenoveva hakulalamika. Alikula makande, akawachekesha watoto, akawafunga vidonda waliokuja. Kisha akampima Mwanamisi, na hapo uso wake ukabadilika. Alimwita Zuhura na Selemani.

"Mtoto amelala kwa upande," alisema. "Msiogope, bado kuna muda wa kumgeuza, na mikono yangu imewageuza wengi. Lakini namhitaji kila siku, mahali safi, na siku yake ikifika awe kitandani pangu, si njiani. Sasa huyo fundi na ufunguo wake, leo yuko wapi?"

Selemani alifungua kinywa. Naam, alikuwa na jibu jingine tayari, zuri tu, lenye adabu. Mwanamisi alimtangulia.

"Baba," alisema, "mimi sitabebwa tena kwenye ile machela. Mwonyeshe."

Wakaenda. Sista Jenoveva aliingia pale ambapo mlango ungekuwa, akasimama katikati ya chumba, akainua uso. Mawingu mazito yalikuwa yakipita kati ya kenchi.

"Ndugu Katibu, paa liko wapi?"

"Linakuja, mama nesi."

"Linatoka wapi? Maana juzi mimi nimeliona likipita."

Selemani aliangalia chini. Nesi aliugusa ukuta kwa kiganja, vumbi la udongo likambaki mkononi. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya utani.

"Masika inabisha hodi. Matofali haya yakinyeshewa yatarudi kuwa tope, na jasho lenu lote litateremka mtoni. Nami nimeamriwa dawa zikae chini ya paa, ndani ya mlango unaofungwa. Lori likirudi Alhamisi nitapanda nazo. Sifanyi hivyo kwa hasira, nimewapenda watu wa hapa. Lakini siwezi kuzalisha chini ya mawingu."

Jioni hiyo Selemani alikaa jikoni, Zuhura akimenya viazi upande wa pili wa moto.

"Ulikuwa ukimficha nani, Baba Mwanamisi?" Zuhura aliuliza.

"Sikutaka tuchekwe."

"Kwani kuchekwa kunaua? Mimi nakucheka tangu nilipoolewa, na chakula unamaliza." Kisha akaweka kisu chini, na machozi yakaanza kumtoka. "Sikiliza, mume wangu. Mimi nilikupenda kwa sababu huna neno chungu. Wifi zangu waliolewa na simba, mimi nikapata binadamu. Lakini safari hii neno chungu lipo, na ni lako kulisema. Keshokutwa kuna kikao cha wilaya. Nenda kaliseme. Mjukuu mmoja tulimzika, yatosha."

Selemani alisogea karibu na mkewe. Alichukua kisu, akaendelea kumenya viazi yeye, huku naye akilia bila kujificha.

Jumatano asubuhi na mapema alishika njia ya mjini. Mzee Sefania alikuwa amemsubiri kwenye njia panda.

"Utatuaibisha, Katibu."

"Shikamoo, Mzee. Aibu tunayo tayari. Naenda kuitafutia bati."

Mzee alikuna kidevu, akatazama mawingu, akatazama viatu vyake. "Ngoja nichukue koti," alisema mwishowe. "Yule mbuzi nilimla na mimi."

Kikao kilijaa. Mabati ya mwisho yalikuwa yagawiwe siku hiyo, na Bwana Nathanaeli alikuwa amesimama na hesabu zake, akitaja vijiji. Alipolitaja jina la Kwekinguo miongoni mwa vilivyomaliza, Selemani alinyanyua mkono. Watu walidhani anataka kushukuru, wengine wakaanza kupiga makofi.

"Msinipigie," alisema. "Ndugu Mwenyekiti, zahanati yetu haina paa. Haina mlango. Niliandika imekwisha kwa sababu kwetu ukuta ukifika juu tunakula mbuzi, lakini nisijifiche nyuma ya mbuzi. Nilijua mnachouliza, nikaona haya kujibu. Mmetuletea nesi, na dawa zake zimekaa jikoni kwa mke wangu. Mvua ikinyesha kuta zitayeyuka. Binti yangu anakaribia kujifungua na mtoto amelala vibaya. Wa kwanza alimpoteza njiani. Nyumba zetu nyingine kadhaa nazo ziko wazi juu. Ndiyo hali yetu. Naomba mnisamehe, na naomba bati."

Ukumbi mzima ulicheka. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, hasa hapo kwenye mbuzi. Selemani alisimama akachekwa. Alishangaa kuona kwamba bado yuko hai. Kando yake Mzee Sefania naye akainuka, akasema kwa sauti ile ya kuamsha mtaa, "Ni mimi niliyemwambia aandike!" Kicheko kikapungua.

Bwana Nathanaeli alivua miwani. "Ndugu Katibu, mimi nikigawa mabati naanza wapi, unajua? Naanza kwenye kuta zilizosimama bila paa, zilizojengwa kwa tofali bichi. Ndizo zinazoharibika mvua ikija. Kijiji chako kingekuwa cha kwanza katika wilaya nzima. Mabati yaliyopita mlangoni kwenu yalikuwa yenu, ukayafukuza mwenyewe kwa kalamu yako."

Selemani aliketi kana kwamba mtu amemsukuma. Ukweli alioufunika wiki zote hizo ndio ungempa kila alichokitaka.

"Mimi sina macho ya kuona mlima baada ya mlima," Bwana Nathanaeli aliwageukia wengine. "Macho yangu ni hesabu mnazoniletea. Mkizipamba, mnanipofusha, nami nitapeleka bati penye paa na nesi penye mawingu. Je, yuko mwingine mwenye neno?"

Kisha katibu mmoja wa upande wa Kwai akakohoa, akasema shule yao ina madarasa pungufu kidogo kuliko yaliyoandikwa. "Kidogo" hiyo ilikuwa nusu. Mwingine akafuata, na mwingine. Mwenyekiti wa kikao alishika kichwa.

"Jamani! Wilaya nzima imebomoka asubuhi moja!"

"Haijabomoka, Ndugu Mwenyekiti," karani alisema, naye alikuwa akitabasamu. "Ilikuwa hivi hivi jana. Tofauti ni kwamba leo tutajua pa kuanzia."

Selemani alikaripiwa vya kutosha, na karipio likaandikwa kwenye kumbukumbu. Halafu mabati yakagawiwa upya. Kwekinguo hawakupewa yote waliyohitaji, maana sasa wenye shida walikuwa wengi, lakini ya zahanati yalipatikana. Alhamisi lori lilipopanda, sista Jenoveva alikuwa amekaa juu ya sanduku lake kando ya njia. Alipoona kilichopakiwa, alinyanyuka, akalirudisha sanduku ndani mwenyewe bila kumngoja mtu.

Mvua haikuwasubiri. Ilianza usiku uleule, nao walifunika kuta kwa majani ya migomba na mikeka waliyolalia. Pembe moja ikamomonyoka hata hivyo, ikabidi ijengwe tena. Waislamu na Walutheri walipanda kenchini pamoja, Mzee Sefania akiwa chini akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Bati la mwisho lilipogongwa, mbuzi hakuchinjwa. Selemani aliwaambia wangoje mlango, nao wakamcheka, wakangoja.

Mwezi uliofuata Bwana Nathanaeli alifika kwa miguu kuhakikisha takwimu zake. Alimkuta Selemani barazani kwenye zahanati, amevaa koti, macho yamemwiva kwa kukesha.

"Haya, Ndugu Katibu, nikuandike umemaliza?"

"Usiandike hivyo! Paa lipo. Mlango upo, ila bawaba moja inalia. Dirisha la nyuma halina kioo. Choo tumechimba nusu. Bati la pembeni lina tundu, njoo nikuonyeshe, na hapa sakafu imepasuka, na..."

"Basi, basi, bwana!" karani alicheka akiinua mikono. "Yatosha, nimekuelewa."

Kabla Selemani hajaongeza kasoro nyingine, sauti ikasikika ndani, nyembamba na yenye hasira, ya mtu aliyegeuzwa na mikono ya sista Jenoveva, akatoka salama kichwa mbele. Zuhura alichungulia mlangoni, uso umelowa, kicheko kimemjaa.

"Baba Mwanamisi, acha kuhesabu nyufa, njoo umwone mjukuu wako!"

Selemani alimshika karani mkono, akaingia naye chini ya bati, wote wawili wakivua kofia. Kama angaliendelea kuona haya, kitoto kile kingalizaliwa njiani kwenye mvua. Hakika wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.